Piga picha ya kordo kabla hujapaka rangi: namna ya kuonyesha kazi zako za chuma na kukomaa mu sudire

Nianze na portaye (geti) yangu ya kwanza. Niliifanya Ndosho, portaye ya milango mbili, rangi nyeusi, na vile vimaua vya kupinda nikavipaka rangi ya dhahabu sawa ile sanamu ya chukudu (baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo) pale rompwe, nikaipiga picha jioni jua linashuka, nikaweka mu status ya WhatsApp. Watu mia na kitu waliona. "Kazi safi yaya", "felisitasio", mikono ya makofi, moto moto. Nililala nikijua mu Goma yote hakuna sudere (fundi wa sudire, kuunganisha chuma na moto wa umeme) kama mimi. Miezi minne baadaye mwenye nyumba ananipigia, mlango wa kuume unaburuza chini, ili ufunguke mpaka uunyanyue na bega. Nikaenda, nikatoa rangi na meleze (mashine ya disiki ya kusaga chuma) pale pomele (bawaba) ya juu ilikuwa imekamata, kumbe kordo (ule mstari wa chuma iliyoyeyuka unaounganisha vipande) ilikuwa imekaa juu ya chuma sawa matope juu ya kiatu. Haikuingia ndani hata kidogo. Mastiki na rangi njo vilikuwa vinafunika aibu.

Nikafikiri, mu wale watu mia wote hakuna hata moja angeweza kunionya, juu sikuwaonyesha sudire. Niliwaonyesha rangi.

Tangu pale nimebadilisha, napiga picha ya kordo kabla ya meleze na kabla ya rangi, na hiyo njo natuma kwa masudere wenzangu. Ile ya rangi ni ya makliya (wateja). Haya yote naandika hapa yanatoka mu hiyo tabia moja tu, na kama uko peti (mwanafunzi wa kazi) mu atelye ya mtu ao umefungua yako juzi juzi, anza nayo leo.

Picha gani, na unapiga namna gani

Kwa kazi moja mimi napiga nne. Ya kwanza vipande vimekatwa, vimelazwa chini, vipimo vimeandikwa na chaki juu ya kila kimoja. Ya pili baada ya kupiga pwenti (kushikisha vipande kidogo kidogo kwanza), kabla sijafunga kordo zote, na metere imenyooshwa kona kwa kona. Ya tatu kordo yenyewe, ganda (ule uchafu unagandia juu ya kordo) limegongwa lote, brosi ya waya imepita, meleze BADO. Ya ine kazi imefika kwake imesimama. Kama mega zako ni kidogo na unataka kutuma moja tu kwa wenye kujua, tuma ya tatu, na ukiweza geuza kipande upige na nyuma, juu nyuma njo inasema kama moto uliingia ao ulipita tu.

Simu zetu za atelye lensi imejaa vumbi ya disiki, pangusa na shati kwanza (sehemu safi ya shati, kama iko). Usitumie flashi, inafanya chuma kung'aa na kordo haionekani. Toka inje asubuhi, weka kipande ili jua limulike kutoka pembeni, kila wimbi la kordo linapata kivuli chake kidogo na mtu anayejua anaisoma sawa kitabu. Ili watu wajue ukubwa, wengine mu nchi zingine wanaweka sarafu, sisi franga yetu ni ya karatasi tupu, basi weka bagete (ile fimbo ya chuma tunayeyusha) mpya ya milimita 2.5 pembeni, kila sudere duniani anajua unene wake.

Video ya moto ukiwaka, usielekezee simu hivi hivi. Picha inakuwa nyeupe tupu na kamera yenyewe inaweza kuharibika. Shika kioo cha maski, namba 10 ao 11, mbele ya lensi, utaona hata tone la chuma likitembea. Video ya sekunde kumi namna hiyo imenifundisha kuliko maneno ya saa nzima, juu niliona mkono wangu unapanda juu kila mara niko namaliza bagete, jambo lenyewe nilikuwa sijijui nalo.

Maneno ya kuandika chini ya picha

"Kazi ya leo" haimsaidii mtu. Andika hivi: tibe kare (bomba la pembe ine) 40 kwa 40, unene 1.5, bagete 6013 ya 2.5, ampere 70, inverteri (mashine ya kusude), kordo ya kusimama nikishuka, umeme wa jioni, kona ya chini imeacha matundu. Halafu uliza swali MOJA. Ukiuliza "munaonaje?" watakujibu "safi". Ukiuliza "haya matundu ya kona yanatoka wapi?" mzee fulani ambaye hajaandika kitu mu grupe tangu mwaka jana atatuma odio ya dakika tatu, na hiyo odio uihifadhi.

Yangu ya kwanza ilikuwa fupi. Mzee moja aliangalia picha akasema: "Mwanangu, hii si kordo, hii ni mavi ya kuku. Bagete yako iko mbali na chuma na iko na maji." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikafanya vile alisema na matundu yakapotea.

Basi niseme ile niliyoelewa kidogo kidogo kwa majibu ya watu, juu makosa yetu mengi hapa mjini yanafanana.

Ampere. Wale walisoma mu shule za ufundi za Kifaransa wanajua hesabu hii: chukua unene wa bagete, toa 1, zidisha mara 50. Bagete ya 2.5 inakupa 75, ya 3.2 inakupa 110, ya 2 inakupa 50. Hiyo ni pa kuanzia tu, halafu unapanda ao unashuka kufuatana na chuma. Kordo ikikaa juu kama kamba imelala na pembeni haikushikana, ampere ni ndogo ao unakimbia. Ikiwa pana imelala chapati na chuma imekulwa pembeni kama panya alipita, ampere ni nyingi. Juu ya tibe nyembamba ya 1.5 mimi nachukua bagete ya 2, na kordo ya kusimama naishuka na 6013 badala ya kuipandisha, inapunguza kutoboa. Kwa chuma nene usifanye hivyo, kule unapandisha, juu ukishuka ganda linakukimbilia mbele na linabaki ndani.

Umbali. Kati ya ncha ya bagete na chuma acha nafasi kama unene wa ile bagete yenyewe, si zaidi. Moto ukilia "prrr" sawa mafuta ya kukaanga sambaza (vile visamaki vya ziwa) ni vizuri, ukianza kupiga kelele za kupasuka pasuka na kurusha cheche kila pahali, uko mbali.

Maji. Goma mvua si mgeni, na pakiti ya bagete ikifunguliwa ikakaa chini juu ya simenti inakunywa unyevu. 6013 unaweza kuikausha, mimi naziweka juu ya tole (bati) karibu na babula (jiko la makala, ni kusema makaa), pale mkono hauwezi kuvumilia lakini makala haiigusi. 7018 ni hadithi ingine, ile inataka furu (oveni) ya digrii 300 na zaidi kusudi ikauke kweli, babula haitoshi, kwa hiyo kama hauna furu nunua pakiti ndogo, fungua siku ya kazi, maliza. (Zile namba kama unajiuliza: 60 na 70 ni nguvu ya kordo ikivutwa, pauni elfu 60 ao elfu 70 kwa inchi mraba. Si ubora, si bei. Niliwahi kusikia mtu anaelezea kliya kwamba 7018 ni "ya mwaka 70".)

Umeme. Saa moja jioni kila mtu anapika, anapiga pasi, anaangalia televizio, na posti (mashine ya kusude) inaanza kubandika bagete. Si mkono wako umeharibika. Fanya kordo za maana asubuhi, jioni kata na piga pwenti tu. Na ralonji (waya wa kurefusha umeme) yako, kama ni ya waya mwembamba wa mita 30 na umeiacha imezungushwa sawa nyoka amelala, inakula nguvu na inapata moto. Ikunjue yote, na waya usiwe chini ya milimita 2.5 mraba.

Masa (ule waya wa kurudisha umeme, unakamata chuma na pensi). Kutu ile yote ya juu, safisha na meleze pale unakamatisha masa na pale unasude. Watu wananunua inverteri mpya kumbe shida ni pensi ya masa imekamata juu ya rangi.

Vunja kazi yako mwenyewe

Hii sehemu watu hawaipendi. Chukua vipande viwili vya feri pla (chuma bapa), simamisha kimoja juu ya kingine sawa herufi T, sude upande moja tu, acha vipowe, halafu kamata mu eto (kile chuma cha kubana juu ya meza) na upige na marto (nyundo) kubwa kutoka upande ule haukusude hadi vilale ao vivunjike. Ikivunjika angalia ndani. Ukiona pale kona rangi ya chuma ya zamani iko bado vile vile, bila kuyeyuka, kordo yako haikuingia. Ukiona mistari myeusi ya kioo, ni ganda lilibaki. Vitundu sawa mkate, ni hewa na maji. Piga picha ya ule mvunjiko na uitume pia. Najua inauma, makliya wako wako mu namba zako wanaona status, basi ifiche kwao, WhatsApp inaruhusu kuchagua nani anaona. Mimi niliweka orodha mbili, masudere kwa upande wao na makliya kwa upande wao, na hiyo imeniokoa mara mingi.

Kila juma vunja moja. Kipande hakigharimu kitu, ni mabaki ya atelye. Andika tarehe juu yake na chaki, na mu daftari andika ampere, bagete, na ile uliyoona ndani. Baada ya miezi sita rudi nyuma usome. Daftari yangu ukurasa wa kwanza unachekesha, nilikuwa naandika "imevunjika mbaya" bila kusema kwa nini, ukurasa wa arobaini unaona mtu ameanza kuelewa.

Vipimo: pale franga inapotea

Watu wanaonyesha vimaua, mimi napenda mtu anionyeshe karatasi yake ya hesabu. Tufanye portaye ya mita 3 kwa mita 2, milango mbili. Kwa kichwa tu: kila mlango 1.50 kwa 2, na kibao cha katikati. Unahitaji vipande 4 vya mita 2 na vipande 6 vya 1.50, jumla mita 17, tibe moja ni mita 6, kwa hiyo tibe 3. Inaingia! Tibe mbili za kwanza kila moja inatoa 2 na 2 na 1.50. Tibe ya tatu inatoa 1.50 mara ine, mita 6 kamili.

Hapana. Disiki inakula. Ukikata mara tatu na disiki ya milimita 3, umepoteza karibu sentimita moja, na kipande cha mwisho ni kifupi. Nilifanya kosa hili na nikarudi Birere kununua tibe nzima juu ya kipande kimoja. Lakini ukichora kwanza utaona mlango hauwezi kuwa 1.50 hata siku moja, juu pomele na nafasi ya katikati vinataka sentimita 3 hivi, basi kila mlango ni 1.485. Na kibao cha katikati kinaingia ndani ya kadre (fremu), toa tibe mbili za sentimita 4, kinakuwa 1.405. Sasa tibe ya tatu inatoa 1.485 mara mbili na 1.405 mara mbili, ni 5.78, na ukitoa ile disiki inakula umebaki na karibu sentimita 21 za kujifunzia. Tole ya mita 2 kwa 1, tatu zinatosha, moja inapasuliwa katikati kwa urefu.

Kisha eskadra (kona kuwa sawasawa). Usiamini ekeri (kile chombo cha L cha kupima kona) peke yake, ekeri ya atelye imeshaanguka mara ngapi? Pima kona kwa kona. Mlango wa 1.485 kwa 2, kona zote mbili zinapaswa kusoma karibu mita 2.49, na zikitofautiana zaidi ya milimita mbili tatu, gonga kabla ya kufunga. Na chini pale hauna ekeri kabisa, 60, 80, 100: sentimita 60 upande huu, 80 upande ule, ikisoma 100 kati yao kona iko sawa. Piga pwenti kona zote ine, pima tena, halafu sude ukibadilisha, kona hii, kisha ile inaielekea, usimalize upande moja wote juu chuma ikipata moto inavuta na mlango unajipinda sawa chapati juu ya karai.

Kitu kingine, na hapa niko na hasira kidogo. Unanunua "1.5" na wanakupa 1.2. Kwa macho hauoni. Kama hauna pie a kulisi (chombo cha kupima unene), omba mizani ya mtu wa makala. Tibe 40 kwa 40 ya 1.5 ya mita 6 iko na karibu kilo 11. Ya 1.2 iko karibu kilo 9. Kilo mbili hazifichiki. Niliuziwa hivyo na duka moja, portaye nzima, nikatoboa toboa nikidhani mkono wangu njo mbovu.

Kutu ya kwetu

Mtu wa Kisangani akikuambia antirui (rangi ya kuzuia kutu) mkono moja inatosha, msikilize na umheshimu, lakini yeye hana Nyiragongo. Moshi wa volkano uko na gesi ya sulfuri, ikikutana na mvua inageuka asidi, na tole inakulwa haraka, zaidi kwa wale wa upande wa Sake ambako upepo unausukuma. Kwa hiyo kazi ya Goma: brosi ya waya kwenye kordo zote, antirui mikono miwili, ndani ya kona pia, halafu rangi. Miisho yote ya tibe funga na kipande cha tole, maji yasiingie, na chini kabisa toboa katundu ka milimita 5 ili kale kamaji katakakoingia tu (kataingia) katoke. Onyesha hako katundu mu picha yako, kliya mwerevu ataelewa unafikiri mbali.

Na nguzo: pahali pengi mjini chini ni jiwe la lava ya Januari 2002, kuchimba sentimita 60 inaweza kukukula siku nzima. Iweke mu devi (karatasi ya hesabu ya bei) mapema. Nguzo yenyewe isude mikia ya feri a beto (nondo) pembeni ili simenti iikamate.

Macho, mapafu, mapipa

Usicheze hapa. Tibe na tole za galva ziko na zinki juu, zinki inachemka digrii 907 na chuma inayeyuka karibu 1500, maana yake ukisude, zinki tayari imekuwa moshi mweupe na wewe unauvuta. Jioni unapata homa, baridi, mwili kuuma, unadhani ni malaria. Maziwa hayatoi ile kitu, najua wote tuliambiwa kunywa maziwa, mimi pia nilikunywa, maziwa yanaingia tumboni na moshi uko mu mapafu. Toa zinki na meleze sentimita kadhaa kila upande, sude inje, simama upepo ukitokea pembeni yako. Na moshi wa sudire kwa jumla, hata bila zinki, shirika la OMS (Shirika la Afya Duniani) la utafiti wa kansa liliuweka mwaka 2017 mu kundi la vitu ambavyo vinaleta kansa kwa mtu. Kichwa chako kisikae juu ya moshi, ni hilo tu, geuza kipande ao geuka wewe.

Maski kioo namba 10 kwa bagete ya 2.5, 11 ukipanda juu. Miwani ya jua si maski. Ukiona peti wako anafunga macho na kupiga pwenti "kwa kubahatisha", mnyang'anye pensi. Usiku atalia anasema kuna mchanga mu macho, na viazi juu ya macho havitamponyesha, apumzishe macho gizani, na kama kesho yake bado apelekwe kwa daktari.

Pipa la mazuti (dizeli) ao esansi (petroli) silikati, hata likiwa "tupu". Hewa yake inalipuka na cheche ya meleze inatosha. Kwa mababula natafuta pipa ambalo halikubeba mafuta, nikikosa sifanyi.

Kabla ya kutuma inje

Sasa upande wa makliya. Uliza mwenye nyumba kwanza. Akikubali, usionyeshe namba ya nyumba, barabara, wala ukuta ambao watu wa kartie wanaujua. Na HATA SIKU MOJA usitume picha ya serure (kufuli ya mlango) kwa ndani, ao vile antivoli (vyuma vya dirisha) imeshikiliwa mu ukuta. Umemuuzia mtu usalama halafu unaandikia mwizi njia ya kuingilia? Mimi nazipiga picha portaye ziko bado atelye ao juu ya chukudu zikiondoka, na chukudu yenyewe watu wanaipenda kuliko portaye.

Jina lako liandike na chaki juu ya chuma kabisa, na tarehe, kabla ya kupiga. Maneno ya pembeni mu simu yanakatwa kwa sekunde mbili, nimekuta kazi yangu mu status ya mtu wa Bukavu na namba yake chini. Na wewe ukikopi mfano wa mwenzako, sema ni wa mwenzako. Vimaua havina mwenyewe, lakini shukrani haikugharimu mega.

Bei usiitupe chini ya picha. Chuma inabadilika bei na kliya atakuja mwaka kesho na ile picha mkononi. Mwambie akutumie vipimo, mpe devi imeandikwa: tibe, tole, pomele, serure, bagete, disiki, antirui, rangi, chukudu, umeme, siku zako. Siku zako! Wengi tunasahau. Avansi (malipo ya mbele) inunue chuma yote, usianze kazi na chuma ya deni.

Kupanda ngazi

Ukiona kordo ya kulala na ya kona zinatoka vizuri, ingia ya kusimama, halafu ya juu ya kichwa. Watu wa mabomba na matanki wana namba zao, 1G kulala, 2G kulala upande, 3G kusimama, 4G juu ya kichwa, na 6G ni bomba limeinamishwa digrii 45 halizunguki, ukiiweza ile kampuni kubwa zinakuangalia tofauti. Lakini hazitakuangalia na status, zinataka karatasi na kipimo mbele ya macho yao. INPP, ile shule ya ufundi ya serikali iko tangu 1964, iko na kituo hapa na inafundisha ufundi, hata mtu aliyejifunzia barabarani anaweza kwenda kuuliza. Beba daftari lako na vile vipande ulivyovunja, mwalimu ataviangalia zaidi kuliko simu yako.

Na ukipata kujua kitu, jibu na wewe. Juma lililopita dada moja anayeanza, atelye yake iko upande wa Majengo, alituma kordo ya antivoli yake ya kwanza, bila rangi, jua la pembeni, bagete pembeni, swali moja: kwa nini mwanzo wa kila kordo kuna kavimba? Nikamjibu awashe moto sentimita moja mbele ya pale anataka kuanza, arudi nyuma kidogo, ndipo aendelee. Kesho yake akatuma picha ingine. Kavimba hakuko, ila sasa mwisho wa kordo kuna kashimo. Namjibu leo jioni umeme ukirudi.